TOFALI LILILOYEYUKA MBELE YA WAAMUZI

Kama ulikuwako kwenye mashindano ya sayansi ya kaunti ndogo ya Voi mwaka wa 2024, bila shaka ungali unakikumbuka kicheko kile. Mwamuzi aliagiza beseni la maji, akalitwaa tofali letu, akalitumbukiza chubwi! Kisha akatazama saa yake. Hazikupita dakika kumi tofali likaanza kutoa viputo, pembe zikalegea, na mwishowe likaporomoka lote likawa uji mwekundu. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumesimama kando ya bango letu lililoandikwa kwa herufi kubwa: NYUMBA IMARA KWA UDONGO WETU. Laiti ardhi ingepasuka ikatumeza!

Naandika makala haya kwa sababu wanachama wenzangu wa vidato vya chini wamekuwa wakiniuliza jinsi ya kuandaa mradi wa vifaa vya ujenzi. Wengi wanadhani kazi kubwa ni kuchora nyumba ya kupendeza na kuipaka rangi. Sivyo. Mradi wa namna hii huulizwa swali moja tu, hata likija kwa maneno mengi: kifaa chako hufa vipi? Ukijua kinavyokufa, unaweza kuchora nyumba itakayokilinda. Usipojua, utayapata yaliyotupata.

Wacha nianze na chanzo chake. Mwishoni mwa 2023 mvua ya El Niño ilinyesha hapa Miasenyi kana kwamba mbingu zimetoboka. Sisi ni watu wa nchi kame; mvua yetu ya vuli ikija huja kwa fujo na kuondoka. Mwaka ule haikuondoka. Usiku mmoja ukuta wa nyuma wa nyumba ya nyanya yangu ulianguka pu! Ulikuwa ukuta wa fito uliokandikwa kwa udongo. Nashukuru Mungu nyanya alikuwa amelala upande wa pili. Asubuhi tulikuta fito zimesimama kama mbavu za ng'ombe aliyekufa kiangazi, na udongo wote uko chini. Nilipomwambia kwamba tungeukandika tena, alinikata kauli: "Udongo ndio ulioniangusha, mjukuu wangu. Mimi sasa nataka mawe na simiti."

Mawe na simiti! Malori ya simiti tunayaona kila siku kwenye barabara kuu yakipita mbio, lakini kupita si kusimama. Mfuko mmoja ni mzigo kwa mtu anayeishi kwa kuuza mbuzi mmoja mmoja. Matofali ya kuchoma nayo yanahitaji tanuri, na tanuri linahitaji kuni nyingi. Sisi tumepakana na misitu ya Kasigau, ambayo tangu mwaka wa 2011 imekuwa ikiuziwa hati za kaboni kwa sababu miti yake haikatwi. Basi, je, ungepata wapi kuni hizo bila kugombana na majirani? Hapo ndipo mimi na mwenzangu tulipoamua kwamba mradi wetu ungekuwa tofali la udongo lisilochomwa.

Kwa msiojua, mashindano haya ya sayansi na uhandisi ya shule za Kenya ndiyo yaliyokuwa yakiitwa Kongamano la Sayansi zama za wazazi wetu. Mradi hufanywa na wanafunzi wasiozidi wawili. Mnaanzia shuleni, mkifuzu mnakwenda kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha kanda, na hatimaye taifa. Kuna maandishi, kuna bango, kuna kusimama na kujieleza, na kuna daftari la kila siku linaloonyesha mlichofanya na mlichokosea. Sisi daftari letu la 2024 liliandikwa usiku mmoja kabla ya safari. Mwamuzi alilifungua, akaona wino wa rangi moja kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akatabasamu. Nadhani ni hapo alipoagiza beseni.

Baada ya aibu ile mwalimu wetu wa Fizikia hakutukemea. Alitupa habari za watu wawili watatu waliopitia njia hiyo kabla yetu, nami nitazisimulia kwa ufupi kwa kuwa ndizo zilizonirudisha uwanjani.

Katika kijiji cha Gando, nchini Burkina Faso, alizaliwa Francis Kéré mwaka wa 1965. Kijiji hakikuwa na shule, ikabidi aondoke nyumbani angali mdogo ili asome. Baadaye alisomea usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Ujerumani. Angali mwanafunzi, alichora shule ya msingi ya kijiji chake, akachangisha pesa, na shule ikakamilika mwaka wa 2001. Kuta zake ni za udongo! Wanakijiji walitia shaka, kwa sababu wao pia, kama nyanya yangu, walizijua nyumba za udongo zinavyochukuliwa na mvua. Kéré hakubishana nao kwa maneno. Aliuchanganya udongo na simiti kidogo, akaushindilia kwa mashine ya mkono, kisha akafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoiokoa shule ile: aliinua paa la mabati juu kabisa, mbali na dari, likatokeza nje ya kuta kama ukingo wa kofia pana. Mvua haizifikii kuta. Na hewa hupita kati ya dari na mabati, ikafagia joto kabla halijawashukia watoto. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka wa 2004, na mwaka wa 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu ni kama Nobeli. Hapa Kenya alichora chuo cha vijana kando ya Ziwa Turkana kilichokamilika 2021, chenye minara mirefu ya kutolea hewa ya moto. Minara hiyo aliiga vichuguu vya mchwa. Vichuguu! Sisi tunavyo hadi nyuma ya choo cha shule na hakuna aliyewahi kuviangalia mara mbili.

Na shindano la wanafunzi lililojengwa juu ya udongo mtupu limewahi kufanyika. Mwaka wa 2014 shirika la Nka Foundation liliwaalika wanafunzi na wahitimu wapya wa usanifu kutoka kote duniani wachore nyumba ya udongo ya familia moja, ya kujengwa Abetenim katika mkoa wa Ashanti, Ghana. Sababu waliyoitoa ningeweza kuitoa hapa Miasenyi: watu wamezoea kuona nyumba ya udongo kuwa ya maskini, kwa hiyo aliye na uwezo huikimbia, na asiye na uwezo huijenga bila ya ufundi. Ikianguka, udongo ndio hulaumiwa.

Sasa nije kwenye udongo wenyewe, maana hapa ndipo tulipokosea.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuchota udongo wa juu. Udongo wa juu una mizizi, majani na mbolea. Vitu hivyo huoza na kuacha matundu. Udongo wa kujengea huchimbwa chini, baada ya kuondoa tabaka hilo la juu. Udongo wetu mwekundu, huu huu unaowapaka ndovu wa Tsavo rangi, una mchanga na mfinyanzi. Mchanga ndio mifupa ya tofali, mfinyanzi ndio gundi. Mfinyanzi ukizidi, tofali hunywa maji likavimba, kisha hukauka likapasuka. Ukipungua, tofali humomonyoka mkononi. Utajuaje? Chukua chupa yenye kuta wazi, tia udongo hadi theluthi moja, jaza maji, tia chumvi kidogo, tikisa sana, kisha iache hadi kesho yake. Mchanga hutua chini kwanza, juu yake vumbi laini, na mfinyanzi mwisho kabisa. Pima kila tabaka kwa rula. Udongo unaofaa kwa tofali la simiti una mchanga mwingi kuliko mfinyanzi. Ukiona mfinyanzi umetawala, ongeza mchanga wa lagani au tumia chokaa badala ya simiti, kwa kuwa chokaa huelewana na mfinyanzi zaidi. Wazee wa Pwani walijua hayo tangu kale. Majumba ya Lamu yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo.

Kosa la pili lilikuwa kukisia. Simiti tuliimwaga kwa kiganja. Simiti ikikutana na maji huota vijifuwele vidogo sana vinavyozishika punje za mchanga. Bila vijifuwele hivyo maji huingia kati ya tabaka za mfinyanzi na kuzitenganisha, na hiyo ndiyo siri ya uji mwekundu uliouona beseni lile. Sehemu moja ya simiti kwa sehemu kumi na mbili hivi za udongo yatosha. Kuzidisha si ujanja. Utengenezaji wa simiti hutoa takriban asilimia 8 ya kaboni dioksaidi yote inayotokana na shughuli za binadamu, na isitoshe, ikiwa unatia simiti nyingi, kwani ulitorokea wapi hiyo gharama?

La tatu, na ndilo lililotuua hasa, tulianika matofali juani siku tatu tukadhani yameiva. Kumbe simiti haikauki kama nguo! Hukomaa kwa maji. Jua letu likiyanyonya maji mapema, vijifuwele vinakufa kabla ya kuota. Tofali hufunikwa kwa turubai au nyasi, kivulini, likinyunyiziwa maji kila siku kwa muda wa wiki moja au zaidi, na lisitumike kabla ya siku 28. Sisi tulikuwa na haraka ya mashindano. Mwenye haraka na simiti hawapatani.

Mwaka wa 2025 tulirudi. Safari hii tulikuwa na mashine ya kushindilia kwa mkono tuliyoazimwa na fundi mmoja wa Maungu. Babu wa mashine za aina hiyo alizaliwa Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950, na kazi yake ni nyepesi kueleza: mkono mrefu wa chuma unaukandamiza udongo wenye unyevu kidogo ndani ya kisanduku, hewa inatoka, tofali linatoka zito na lenye pembe kali. Tulitengeneza pia vijumba viwili vya mfano. Kimoja kilikuwa na bati lililolala juu ya ukuta, kama mabweni yetu. Cha pili kilikuwa na dari, na bati likainuliwa juu yake. Tulitia kipimajoto katika kila kijumba na kuandika kila saa, kwa kalamu yoyote iliyopatikana, na daftari likachafuka vizuri. Saa nane mchana kijumba cha kwanza kilikuwa tanuri. Wanabweni watanielewa.

Kwenye kaunti ndogo tulilaza tofali majini sisi wenyewe tangu jioni ya kuamkia mashindano. Likasimama ngangari. Tukafuzu.

Kwenye kaunti tulikwama, na nitasema tulipokwamia ili ninyi mpitie hapo mkijua. Tulikuwa tumechanganya nyuzi za katani ndani ya tofali zisaidie kuzuia nyufa, maana mkonge ni zao la kwetu. Mashamba ya Mwatate yanajulikana dunia nzima. Mwamuzi, mama mmoja mpole sana, aliuliza: "Wanangu, simiti ni alikali. Nyuzi za mmea zikikaa ndani ya alikali miaka kumi zitakuwaje?" Tukatazamana. Mwenzangu akajaribu kusema zitakuwa imara zaidi. Yule mama akatikisa kichwa polepole. Jibu, ambalo tulilitafuta baadaye, ni kwamba alikali huzila nyuzi taratibu hadi zikawa kama majani makavu. Katani husaidia sana tofali likiwa bichi, linapokauka, lakini usiitegemee kubeba mzigo uzeeni. Angetujibia mtu mapema! Ndiyo maana nawaambia leo.

Sikumaliza habari ya nyanya. Tofali lililotoka kaunti nilimpelekea nyumbani. Hakusema kitu. Alilitia ndani ya karai la maji, akaweka ungo juu kuku wasilinywe, akaenda kulala. Alfajiri nilimsikia akiligonga kwa kisu, ngo ngo ngo. Akaniita, akauliza matofali mangapi yangetosha ukuta wa nyuma, na paa lake tutalitokeza nje kiasi gani.

Tumeshafyatua zaidi ya nusu. Yako chini ya mkwaju yamefunikwa kwa magunia, na zamu ya kunyunyizia maji Jumamosi ni yangu. Wanaotaka kujifunza mashine waje kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa fundi anaitaka.