Mikindu ya Makindu

Wajukuu zangu, inukeni kidogo muuangalie mkeka mliokalia. Huu si wa miyaa, ni wa ukindu. Ukindu hutoka kwa mkindu, mti wa jamii moja na mtende, na mkindu hupenda kulowa miguu. Ukiuona porini, jua maji hayako mbali.

Wakamba nao huuita mti huo kwa jina linalofanana na letu. Ndiyo maana mahali fulani kati ya Mombasa na Nairobi, penye chemchemi na mikindu katikati ya nyika, paliitwa Makindu. Maji yenyewe hutoka vilima vya Chyulu. Vilima vile ni vya volkeno: mvua ikinyesha, mwamba huinywa yote, kisha huitapika huku chini.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandika reli kutoka Mombasa. Garimoshi la siku hizo, wanangu, lilikuwa na kiu kuliko ngamia. Lilichemsha maji tumboni, na mvuke ndio uliosukuma magurudumu. Maji yakiisha, limesimama! Na nyika ya Taru, waliyoipita njiani, haina mto wa kulinywesha. Basi fikirini furaha ya wajenzi walipofika penye mikindu. Hapo pakawekwa stesheni, na stesheni ikaleta maduka na watu. Reli yenyewe ikasonga mbele, ikafika Nairobi mwaka 1899.

 

Wajenzi wengi, zaidi ya 30,000, waliletwa kutoka India ya wakati ule. Miongoni mwao walikuwamo Masingasinga, mafundi hodari wa chuma na mbao. Wao ndio walioacha alama kubwa pale Makindu: mwaka 1926 lilijengwa hekalu lao, gurdwara, kando ya reli. Msafiri yeyote hupewa chakula na mahali pa kulala, wala haulizwi dini wala kabila.

Magarimoshi ya mvuke yalikwisha zamani. Ila mkipita Makindu na njaa, ingieni. Vueni viatu mlangoni, funikeni vichwa, mkae mle. Hamtadaiwa hata senti.