Anayemimina Ndiye Huonja Kwanza

Didia hakuna zabibu. Kata hii ya Wilaya ya Shinyanga, kando ya barabara kuu kati ya Tinde na Shinyanga mjini, ni nchi ya mtama, uwele, pamba na ng'ombe. Lakini barabara hiyo hiyo ndiyo itokayo Dodoma kupitia Singida na Nzega, na huko Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo chupa za divai hufika. Mwalimu karudi kutoka masomoni, au kijana aliyepata chochote machimboni Geita anapita kuwaona rafiki zake. Jogoo anachinjwa, na chupa inawekwa katikati ya meza.

Chupa ni ngeni, adabu yake ni ya siku nyingi. Mwenye chupa huifungua machoni pa wote, hujimiminia kidogo, hunywa, ndipo awamiminie wenzake akianza na aliye mkubwa kwa umri. Katika hoteli za Ulaya mhudumu naye humwonjesha kwanza mteja aliyeagiza, apate kujua kama divai imeharibika. Didia hakuna anayehofia divai iliyoharibika. Anayeangaliwa ni mtu aliyeileta.

Desturi hii imetoka kwenye pombe ya mtama. Mama hulowesha nafaka, huifunika mpaka ichipue, huianika na kuisaga. Hicho ndicho kimea. Uji hupikwa, ukapoa, kimea kikatiwa, na kazi iliyobaki ni ya chachu. Siku za mwanzo, kabla haijawa kali, watoto hupewa togwa. Ikishakolea, wageni wameketi, mpishi huchota kata ya kwanza na kuinywa yeye mwenyewe huku akitazamwa. Anatoa sumu, ndivyo wanavyosema, na hapo hakuna anayecheka.

Wana sababu ya kutocheka. Kwa miaka mingi Shinyanga imetajwa kwa mauaji ya vikongwe walioshukiwa uchawi, na macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi. Macho hayo yalitoka jikoni, katika moshi wa kuni na wa samadi kavu, maana miti ilikuwa imekwisha kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofufua ngitili, yale malisho yanayotengwa ili nyasi na miti vipate kupumua. Sasa fikiria mwanamke anayekesha akichochea moto chini ya pipa la pombe, macho yamemwiva, na kesho yake awanyweshe majirani. Kata ile ya kwanza ni kiapo chake. Mimi huona aibu kidogo kwamba sisi wanywaji hatukuwahi kudaiwa kiapo cha namna hiyo.

Baada ya hapo kata huzunguka. Hupokelewa kwa mikono miwili. Binti anayempelekea mzee hupiga goti. Maoni hutolewa bila kubania: kimea kimezidi, imewahi kuchujwa, hii bado ni uji. Ladha ilikuwa na uzito wake hata shambani. Zamani vijana wa kijiji, wakiongozwa na nsumba ntale, mkuu wao, walilima shamba la mwenzao mchana kutwa na shukrani yao ikawa mtungi. Aliyewapa pombe mbovu alikumbukwa mvua zilipoanza tena.

Divai yenyewe hupata hukumu zake. Ile nyekundu tamu ya Dodoma haielewani hata kidogo na mlenda, na asiyeamini ajaribu. Kwa nyama ya mbuzi iliyochomwa inakwenda vizuri, na kwa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga inakwenda vizuri zaidi kuliko nilivyotarajia. Kisha utani huanza. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi, na Wasukuma wa hapa, ndugu wa Wanyamwezi, hawaoni kwa nini wabaki nje. Basi mzee atauliza kama Mgogo aliyekamua zabibu hizi alinawa miguu. Mwenye chupa hunywa tena, safari hii kwa kumtetea Mgogo.

Glasi zikipungua, wawili hunywea moja, na hilo halimsumbui mtu aliyekulia kwenye kata.

Wasiokunywa kilevi, kwa dini au kwa hiari yao, huletewa soda. Nayo haifunguliwi jikoni. Chupa huja na kizibo chake, mwenyeji akaifungua mbele ya mgeni. Mgeni aliyeletewa iliyokwisha kufunguliwa anaweza kushukuru, kusema wabeja, na kuiacha mezani ilivyo mpaka atakapoaga. Wenyeji wataelewa, na wa kulaumiwa atakuwa aliyeifungua.