KUPIMA NYUMBA YA KUOKOA NISHATI BAADA YA KUKABIDHIWA: MFANO WA WILAYA ZA MBULU NA HANANG

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaojenga au kusimamia majengo wanaelezwa hapa jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa. Nyumba iliyobuniwa ili iokoe nishati haiwezi kuhesabiwa kuwa inaokoa nishati mpaka ipimwe, watu wakiwa wamekwisha kuhamia. Mchoro ni ahadi ya mbunifu. Kipimo ndicho ushahidi.

Hapa Visiwani tumezoea kuilaumu nyumba kwa joto, hasa katika miezi ya kaskazi. Mfano unaotolewa hapa ni wa nyanda za juu za Mkoa wa Manyara, ambako nyumba hulaumiwa kwa baridi. Mfano huo umechaguliwa kwa sababu kanuni ya kupima ni ileile, na kwa sababu huko madhara ya kutopima yanaweza kufikia kupoteza maisha.

Mji wa Mbulu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni na Julai baridi ya usiku hushuka hadi nyuzijoto 10 hivi, na pengine chini ya hapo. Wairaqw wa huko tangu zamani walijenga nyumba za udongo zenye paa bapa lililofunikwa kwa udongo, nyingine zikiwa zimechimbwa ubavuni mwa kilima. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto la mchana polepole na kulirudisha ndani polepole usiku. Siku hizi nyumba nyingi ni za matofali na mabati. Bati huzuia mvua vizuri na hudumu, lakini usiku wa mbingu nyeupe hupoteza joto upesi. Chumba kisicho na dari chini yake hupoa karibu sawa na uwanja.

Katika Wilaya ya Hanang jambo hili lina uzito wa pekee. Tarehe 3 Desemba, 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh na vijiji jirani, yakaua watu wengi na kuharibu makazi. Walionusurika walihitaji nyumba mpya, na ujenzi wa kuwahamishia ukafanyika. Inafaa ieleweke kwamba popote nyumba nyingi zinapojengwa kwa mchoro mmoja, kosa moja hurudiwa katika kila nyumba. Kinyume chake, kuzipima nyumba chache za mwanzo kunaweza kuzinusuru zote zinazofuata.

Nyumba iliyoahidiwa kuwa na joto isipokuwa nalo, wenyewe hutafuta joto kwa njia nyingine. Hufunga madirisha, huziba matundu ya hewa kwa matambara, na huingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka katika hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na aliyelala huenda asiamke. Hivyo basi, nyumba isiyotimiza mchoro wake huongeza gharama, na inaweza kuwa hatari kwa waliomo.

Wenzetu wa nchi za baridi walilitambua jambo hili mapema. Mwaka 1991 familia zilihamia katika nyumba za majaribio mjini Darmstadt, Ujerumani, zilizobuniwa zitumie nishati ndogo sana ya kupasha joto. Wabunifu hawakuridhika na hesabu zao. Waliweka vipimo ndani ya nyumba hizo na kuendelea kuzisoma kwa miaka, watu wakiishi humo. Huko pia hutumika feni maalumu inayofungwa mlangoni ili kupima kiasi cha hewa inayopenya kwenye nyufa. Vifaa hivyo ni ghali, lakini makusudio yake yanaweza kufikiwa kwa njia nyepesi zifuatazo:

(a) Kupima joto. Kipimajoto kimoja kiwekwe ndani, katikati ya chumba cha kulala, kimo cha kifua, bila kugusa ukuta. Cha pili kiwekwe nje, kivulini. Visomwe saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 3 usiku, kwa siku saba mfululizo, bila moto wowote chumbani, na kila kisomo kiandikwe daftarini.

(b) Kulinganisha. Vipimo kama hivyo vifanywe siku zilezile katika nyumba ya kawaida ya jirani yenye idadi ya watu inayokaribiana. Kwa mfano, ikiwa nje ni nyuzijoto 10 alfajiri, nyumba ya jirani ni 12 na nyumba mpya ni 16, ubunifu umefanya kazi. Ikiwa zote mbili ni 12, fedha zilizoongezwa katika ujenzi hazijaleta faida.

(c) Kutafuta nyufa. Kijiti cha udi kilichowashwa kipitishwe taratibu kandokando ya milango, madirisha na maungio ya dari na ukuta wakati wa upepo. Moshi ukiyumba ghafla, hapo pana upenyo. Kazi hii ifanywe mbali na mapazia na vitu vinavyoshika moto.

(d) Kupima nishati. Kuni na mkaa vipimwe kwa mizani kila wiki. Penye umeme, uniti zisomwe kwenye mita siku na saa ileile. Hita ya kilowati moja ikiwaka saa tatu hutumia uniti tatu. Hesabu hiyo huonyesha upesi ni wapi umeme unakwenda.

(e) Kukagua hewa. Matundu ya juu ya ukuta na bomba la moshi yahakikishwe kuwa wazi. Nyumba inayohifadhi joto kwa kuziba hewa yote haikufaulu, hata kama vipimajoto vinasoma vizuri.

Aidha, matokeo yasihukumiwe kwa usiku mmoja. Vipimo virudiwe katika miezi ya baridi na ya joto. Idadi ya watu, wageni na saa za kupika ziandikwe pia, kwa kuwa familia mbili katika nyumba za mchoro mmoja huweza kutumia nishati kwa viwango tofauti sana. Penye kasoro, sababu itafutwe kabla ya kumlaumu mtu: huenda dari haikufika ukutani, au mlango umekatwa mfupi, au mkaazi hakuelezwa lini afungue na lini afunge madirisha.

Kwa upande wa taasisi za umma, wakati mwafaka wa kuyapanga haya ni kabla ya kutia saini mkataba. Ahadi ya mbunifu iandikwe kwa tarakimu, na muda wa matazamio uhusishe walau msimu mmoja wa baridi. Fundi akikabidhi nyumba mwezi Novemba na kulipwa salio lake lote mwezi Machi, hakuna atakayejua hali ya nyumba hiyo mwezi Julai isipokuwa wanaolala ndani.

Kwa hapa kwetu Unguja na Pemba, utaratibu ni huo huo ila swali hugeuzwa. Kipimajoto kisomwe zaidi saa 8 mchana na saa 3 usiku katika miezi ya kaskazi, na badala ya kuni zihesabiwe uniti za feni na viyoyozi. Nyumba iliyosifiwa kuwa baridi ioneshe ubaridi wake kwa tarakimu.

Vipimajoto viwili, mizani, daftari na kijiti cha udi havizidi uwezo wa ofisi ya shehia wala wa kaya nyingi. Kinachotakiwa ni mtu mmoja atakayepewa jukumu la kusoma na kuandika kila siku, na ofisi itakayoyapokea maandishi hayo kabla ya kuruhusu nyumba ya pili ijengwe kama ya kwanza.