Diski Inagonga, Fundi

Tangu Microsoft wasitishe huduma ya kawaida kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, meza yangu haikauki laptopu za zamani zilizohamia Linux. Mashine ni nzima, kibodi ni nzuri, skrini haina ufa, ila Windows 11 imeikataa. Kijana wa nyumbani anaipiga Linux Mint kutoka kwenye flashi, mashine inafufuka, wiki ya kwanza watu wanasifiana. Wiki ya pili mwenye mali ananijia uso umemshuka: "Fundi, inagonga."

Karibu zote ni za mtumba, na ndani yake kuna hadidiski ya kizamani, ile ya inchi 2.5 yenye sahani zinazozunguka. Nitaiita diski tu. Kama laptopu yako ina SSD, humo hamna kitu kinachocheza, kwa hiyo usipoteze muda kuishuku. Katafute feni, au spika. Ya spika nitayafikia.

Aliyenifanya niandike haya ni mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Tangu mjukuu aitie hiyo Linux yenu, mashine inatafuna. Jirani kaniambia Linux inakula diski, nirudishiwe Windows yangu."

Nikamuuliza kama mashine inakwama mlio unapotoka. Akasema hapana, anachapa barua zake kama kawaida. Faili zinafunguka? Zinafunguka. Mlio unakuja akifanya nini? "Nikiwa sifanyi kitu," akasema, "nimekaa nasoma tu." Jibu hilo lilinimalizia nusu ya kazi. Diski inayokufa huwa inapiga kelele inapoombwa kusoma kitu ikashindwa. Hii ilikuwa inagonga wakati haijaombwa chochote.

Niliiweka laptopu kwenye meza ya mbao, nikafunga programu zote, nikachukua bisibisi ndefu. Ncha yake niliigusisha kwenye kava la chini, pale penye kifuniko cha diski, bila kukandamiza, na mpini nikauweka sikioni. Mafundi wa magari husikilizia injini hivyo hivyo, na kwa diski inafanya kazi vizuri ajabu. Unasikia mvumo wa chini usiokatika: hiyo ni mota, mizunguko 5,400 kwa dakika, sawa na 90 kwa sekunde. Juu ya mvumo huo ikaja tik moja kavu. Kimya kidogo. Kisha tik nyingine laini zaidi, ikifuatwa na krr fupi. Kimya tena, halafu tik kavu ikarudi.

Krr ni vichwa vya kusomea vikihama huku na huku juu ya sahani. Tik kavu ni vichwa hivyo vikiondoka kabisa juu ya sahani na kupanda kwenye kijiteremko cha plastiki kilicho pembeni. Hapo ndipo vinapoegeshwa. Tik laini ni vikishuka kurudi kazini. Watengenezaji waliweka utaratibu huu kwa nia njema, kwa sababu kichwa huelea juu ya sahani kwa nafasi ya nanomita chache tu. Laptopu ikidondoka wakati kiko juu ya sahani, kinagonga, na kinapogonga kinakwangua data. Kikiwa kimeegeshwa hakina cha kukwangua. Zaidi ya hapo, diski hupunguza matumizi ya umeme ikiwa imeegesha, na betri inadumu.

Tatizo ni pupa. Diski nyingi za laptopu huegesha vichwa baada ya sekunde chache tu za kukaa bure. Linux nayo haijui kukaa bure. Kila sekunde 5 kernel, yaani kiini chake, huamka kuangalia kama kuna cha kuandika, na data iliyosubiri sekunde 30 hupelekwa kwenye diski. Mfumo wa faili wa ext4 nao hufunga daftari lake kila sekunde 5 endapo kuna mabadiliko. Firefox ikiwa wazi huhifadhi hali ya kurasa zako kila sekunde 15. Kwa hiyo diski inasubiri kidogo, inaona hakuna kazi, inaegesha: tik. Kabla haijatulia inaletewa mstari mmoja wa kuandika, inashusha vichwa: tik, krr. Mchana kutwa.

Mwaka 2007 jambo hili lilizua zogo kubwa kwa watumiaji wa Ubuntu, Linux nyingine ndugu wa Mint, duniani, wengi wakiamini kwamba mfumo wao unaua diski. Chanzo kilikuwa ni mipangilio ambayo diski na laptopu zilitoka nayo kiwandani, na Ubuntu haikuigusa. Lakini lawama ikipata jina haliondoki, na nadhani ndiyo iliyomfikia jirani wa mwalimu.

Badala ya kubishana na jirani nikaiuliza diski yenyewe. Kila diski hujiandikia kumbukumbu za afya yake, zinaitwa SMART, na kwenye Linux zinasomwa kwa programu ya smartmontools. Unafungua terminali na kuandika:

sudo smartctl -A /dev/sda

Linatoka jedwali refu la kutisha. Usiliogope, wala usisome kila mstari. Mstari wa kwanza kabisa, Raw_Read_Error_Rate, kwenye diski za watengenezaji wengine huonyesha namba kubwa ajabu hata diski ikiwa mpya. Nimeona watu wametupa diski nzima kwa sababu yake. Nenda moja kwa moja kwenye namba 193, Load_Cycle_Count, uangalie safu ya mwisho kulia. Hiyo ndiyo idadi ya mara ambazo vichwa vimeegeshwa tangu diski izaliwe. Diski za laptopu kwa kawaida huhakikishiwa mara 300,000 au 600,000, kutegemea aina.

Ya mwalimu ilikuwa imevuka laki nne. Tukanywa chai. Baada ya dakika kumi nikaisoma tena, ikawa imepanda kama ishirini hivi, yaani mara mbili kwa dakika, 120 kwa saa. Hapo mwalimu, ambaye amefundisha hesabu maisha yake yote, akachukua kalamu. Laki nne kwa 120 ni saa zaidi ya 3,300, ambazo ni zaidi ya miezi minne bila kuzima mashine hata mara moja. Linux ilikuwa na mwezi mmoja tu ndani ya mashine ile, na mwalimu huizima kila usiku. "Basi imekuwa ikigonga tangu zamani," akasema, na aliposema hivyo nilijua kesi imekwisha. Sehemu kubwa ya hesabu ile ilipatikana chini ya Windows, nyingine mikononi mwa mtu aliyeitumia kabla haijaingia kwenye kontena la mtumba. Huko nyuma mlio ulimezwa na feni na krr-krr zisizokoma. Mashine ilipopata wepesi na utulivu ndipo ukasikika.

Hata hivyo sikuiacha vile. Kwa mwendo ule, mashine ikiwashwa saa nane kwa siku, inaegesha vichwa mara 960 kila siku, na laki mbili zilizobaki kufika 600,000 zingeisha katika miezi saba. Kuvuka namba hiyo hakumaanishi kwamba diski itakufa kesho yake, ila sioni sababu ya kuikimbilia. Dawa ni amri moja:

sudo hdparm -B 254 /dev/sda

Namba hiyo inaiambia diski ipunguze ubahili wa umeme. Inaanzia 1, chini ya 128 diski inaruhusiwa hata kusimamisha mota, 254 ni kazi kwa nguvu zote, na 255 inaufuta utaratibu wenyewe kwa diski zinazokubali. Tik za mwalimu zikakoma palepale. Lakini mpangilio huu hupotea ukizima mashine, na mara nyingi hata ikilala na kuamka, kwa hiyo lazima uandikwe mahali pa kudumu. Kwenye Debian, Ubuntu na Mint ni ndani ya faili /etc/hdparm.conf, mstari apm = 254 chini ya jina la diski. Kama kuna TLP, ile programu ya kutunza betri, andika huko huko, la sivyo itakuja kukufutia ulichoandika kwingine. Zipo pia diski kaidi zisizosikia amri hii hata kidogo. Hizo nawashauri wenyewe waweke pesa kidogo kidogo wanunue SSD.

Simpi kila mtu 254. Mwalimu laptopu yake haitoki mezani, kwa hiyo haidhuru. Mwanafunzi anayefanya kazi akiipakata kwenye daladala namwachia 128, vichwa viendelee kukimbilia pembeni. Na anayefunga kifuniko na kuitia begini bila kuhakikisha kweli imelala, huyo namsema kwanza. Ikilala vichwa huegeshwa vyenyewe, ila kwenye Linux kufunga kifuniko hakumaanishi kwamba imelala.

Sasa ya spika. Kuna mlio wa "tap" unaotoka sekunde chache baada ya wimbo au video kusimama, na mwingine sauti inapoanza. Watu huapa ni diski. Ni kifaa cha sauti kikizimwa na kuwashwa ili kuokoa umeme. Chomeka earphone: kama mlio umehamia masikioni, diski haihusiki. Thamani ya power_save ya moduli ya snd_hda_intel ikiwekwa 0, unaondoka.

Kuna klak moja kubwa ambayo wengi wetu tunaifahamu bila kujua kwamba tunaifahamu. Laptopu za mtumba betri zake mara nyingi zimekufa, mashine inaishi kwa waya. Umeme unakatika, skrini inazima, na ndani ya mashine inasikika klak nzito kuliko tik yoyote. Diski imekosa umeme ghafla, na ili kuokoa vichwa inatumia nguvu ya sahani zinazoendelea kuzunguka, mota inageuka jenereta kwa muda mfupi, na vichwa vinarushwa pembeni bila ustaarabu. Diski huhesabu na hizo pia, namba 192, Power-Off_Retract_Count kwenye diski nyingi. Uvumilivu wake kwa klak hizi ni mdogo mno ukilinganisha na tik za kawaida. Nikiona namba hiyo imepanda, namwambia mtu anunue betri kabla ya kitu kingine chochote. Wengi hawanisikii, wanasema betri ni ghali, nami nawaelewa.

Basi kuna milio ambayo ukiisikia, mkono uende kwenye kitufe cha kuzimia. Wa kwanza ni ka-chak, ka-chak, ka-chak, unaofuatana kwa mpigo mmoja, kisha mota inazima, inawaka tena, na ka-chak zinarudi. Vichwa havioni alama vinazozitafuta kwenye sahani, na kila jaribio linaweza kuongeza jeraha. Wa pili ni mkwaruzo wa chuma. Wa tatu ni biip ndogo ya kukatakata bila mvumo wa mota. Mara nyingi vichwa vimenata juu ya sahani na mota haiwezi kuzivuta. Kwa milio hii mimi huwa sijaribu ubingwa. Kufungua diski kunahitaji chumba kisicho na vumbi, na kibanda changu kinatazama barabara. Kuitia diski kwenye friza, jambo ambalo bado watu hunishauri, kunaleta unyevu juu ya sahani na hakuna zaidi.

Katikati ya diski nzima na ile inayokufa kuna diski inayogonga mara moja moja, mashine inaganda, na ukiandika sudo dmesg unaona mistari ya I/O error. Kwenye SMART utakuta namba 5, 197 au 198 si sifuri tena: sehemu za sahani zilizohamishwa, zinazosubiri hukumu, na zilizoshindikana. Kosa ninaloletewa kila mara ni mtu kukimbilia fsck, programu ya kurekebisha mfumo wa faili. Fsck inaandika, na kuandika juu ya diski inayougua ni kuisukuma. Nakili kwanza.

Ninatumia ddrescue, ambayo kwenye Debian na ndugu zake kifurushi chake kinaitwa gddrescue. Nawasha mashine nyingine, naichomeka diski mgonjwa kwa nje, nahakikisha jina lake kwa lsblk, kisha:

sudo ddrescue -n /dev/sdb nakala.img nakala.map

Chanzo kinatangulia, nakala inafuata. Ukigeuza unaweza kuandika juu ya kile ulichokuja kuokoa. Herufi n inaiambia ichukue kwanza vyote vinavyosomeka kwa urahisi, isikae kubanana na sehemu mbovu. Vikishapatikana hivyo ndipo ninarudi na -d -r3 badala ya -n, ijaribu zilizobaki mara tatu. Lile faili la .map wateja huniuliza ni la nini. Linaandika kila sehemu iliyosomwa na isiyosomwa, kwa hiyo umeme ukikatika saa tisa usiku, asubuhi unarudia amri ileile na kazi inaendelea pale ilipoishia.