Je, Wajua? "Nice" Lilikuwa Tusi

Ungemwita Mwingereza wa mwaka 1300 "nice", angekukasirikia. Neno hilo, ambalo leo ni miongoni mwa sifa za mwanzo kabisa anazofundishwa mwanafunzi wa Kiingereza, lilimaanisha mpumbavu, mtu asiyejua kitu.

Asili yake ni "nescius" la Kilatini: "ne" hukanusha, na "scire" ni kujua. "Scire" hiyohiyo ndiyo iliyozaa "science", yaani sayansi. Kumbe ujinga na elimu ni ndugu wa tumbo moja! Kutoka Kilatini neno lilipitia Kifaransa cha kale, likaingia Uingereza, ambako wakubwa walikuwa wakizungumza Kifaransa tangu Wanormani walipoiteka nchi mwaka 1066. Mji wa Nice ulioko Ufaransa haumo katika ukoo huu. Jina lake ni la Kigiriki na lahusu ushindi.

Safari ya kutoka tusi hadi sifa ilikwenda polepole. Baada ya mpumbavu, aliitwa hivyo mwenye haya, kisha mtu wa kuchaguachagua, asiyeridhika upesi na chakula wala nguo. Mchaguzi huona tofauti ambazo wengine hawazioni, basi neno likahamia kwenye vitu laini, vidogo, au vilivyo sahihi barabara. Maana hiyo ingali hai. Mwanasheria akisema "a nice distinction", hasifu uzuri wowote. Anasema tofauti hiyo ni finyu na yataka jicho kali. Maana ya kupendeza ilishika kasi karne ya 18.

Asiyeyajua haya atapotea akisoma vitabu vya zamani. Katika tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, Cassius anagombana na Brutus kwa sababu ya mtu aliyeadhibiwa kwa kula rushwa. Kwa Cassius, wakati wa vita si wakati wa kuchambua kila kosa, na kosa lenyewe analipa sifa ya "nice". Hasemi ni kosa zuri, anasema ni dogo, halina uzito. Tamthilia hiyo ndiyo Mwalimu Nyerere aliyoileta kwa Kiswahili mwaka 1963, na mistari ya namna hii ndiyo inayompima mfasiri kwelikweli.

Jane Austen naye aliliona neno likichakaa. Katika Northanger Abbey, riwaya iliyotoka mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya kifo chake, kijana Henry Tilney anamtania msichana Catherine kwa kukiita kitabu "nice": siku hizi, asema, kila kitu kinasifiwa kwa neno hilo moja. Walimu wa insha wanalikemea hadi leo, nami nawaunga mkono kwa upande wa maandishi, maana msomaji akiambiwa chakula kilikuwa "nice" hajaambiwa ladha yake. Katika mazungumzo ni jambo jingine. "Nice and hot" hukoleza sifa ya chai iliyo moto sawasawa, na "that's nice" ikitamkwa kwa sauti nzito mbele ya sakafu iliyojaa tope ni lawama tupu.

"Silly" limepita njia hiyohiyo likitokea upande wa pili: zamani lilimaanisha mwenye heri, leo ni mpumbavu.