Kamera ya Dijitali na Mchanga wa Matemwe

Kamera ya dijitali, yaani ile inayopokea nuru kwa kihisi cha kielektroniki badala ya filamu, huhadaika kwa urahisi katika pwani ya Matemwe, Zanzibar, kwani mchanga mweupe huifanya ikadirie kuwa nuru imezidi, ikaipunguza, na nyuso za wanawake wanaofunga mwani kambani zikatoka nyeusi. Tiba yake ni kuongeza mwangaza kwa hatua moja, yaani kuruhusu nuru maradufu, baada ya kuwaomba wahusika ridhaa ya kupigwa picha. Tofauti na enzi za filamu, ambapo studio ya picha ya Capital Art Studio, iliyoanzishwa Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1930, ilisafisha picha kwa dawa gizani, anayejifunza leo huliona kosa papo hapo, akalirekebisha kabla maji hayajajaa, na ndiyo maana hobi ya kupiga picha humteka mtu.