Kenya: Ugonjwa wa kusahau si uchawi, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa

Katika kaunti ya Kilifi, pwani ya nchi jirani ya Kenya, wapo wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili kuficha mvi. Hawatafuti urembo, wanahofia kuitwa wachawi. Huko Ganze, kituo cha Kaya Godoma huwahifadhi wazee waliokimbia makwao kwa tuhuma hizo. Katika kaunti ya Kisii, magharibi mwa nchi, wanawake wanne wazee waliotuhumiwa uchawi waliuawa na umati mwezi Oktoba 2021.

Mizozo ya ardhi na urithi huchochea tuhuma hizi. Lakini ipo pia sababu isiyozungumzwa sana: dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 57 waliishi na hali hiyo mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mgonjwa aweza kuamka usiku, akapotea njia, akakutwa uani kwa jirani bila kujua amefikaje. Daktari huona dalili ya ugonjwa. Asiyeujua huona mchawi.

Kwa hofu hiyo, baadhi ya familia humfungia mgonjwa ndani. Nia yaweza kuwa kumlinda, lakini wahenga walinena: mficha maradhi, kilio humuumbua. Mzee hupoteza uhuru wake, na majirani hubaki na uvumi.

Lipo swali jingine: nani aambiwe kwanza? Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 2005 inayotumika England na Wales humchukulia kila mtu mzima kuwa ana uwezo wa kujiamulia hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwetu, mara nyingi daktari huzungumza na wana, mzee akisubiri nje. Desturi hii ina hoja yake, kwa kuwa familia ndiyo itakayobeba mzigo wa malezi.

Hata hivyo, ugonjwa huu huendelea polepole. Mwanzoni, mgonjwa bado aweza kusema angependa kutunzwa na nani, na shamba lake ligawanywe vipi. Akifichwa habari hadi hatua za mwisho, fursa hiyo haitarudi, na wengine wataamua kwa niaba yake, pengine kwa faida yao.

Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya familia na ya Serikali. Utekelezaji wake waweza kuanzia zahanati: mzee aketi pamoja na wanawe, aelezwe ugonjwa wake kwa lugha anayoifahamu, kisha, kwa ridhaa yake, majirani nao waelezwe.